Sheikh Amri Alicheza Namba Ngapi?

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 2 Julai 2022, nilikuwa nimeketi juu ya ngazi za saruji katika uwanja wa mpira wa Arusha, miongoni mwa watu wa Tanga tuliosafiri usiku kucha, zaidi ya kilomita 400, kuja kuitazama Coastal Union ikipambana na Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mara kijana mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye tangu Muheza alikuwa ameniegemea bega akilala, akanyoosha kidole kwenye jina la uwanja na kuniuliza kwa adabu zote, "Mzee wangu, huyu Sheikh Amri Abeid alicheza namba ngapi?"

Sikumcheka, wala sikuona sababu ya kumcheka. Kijana alikuwa amefikiri sawasawa: uwanja ni mahali pa mpira, basi mwenye kutunukiwa uwanja sharti awe alikuwa hodari wa mpira, ama mshambuliaji aliyewatesa walinda milango wa zama zake, ama beki aliyesimama kama ukuta wa ngome. Nilimjibu kuwa Sheikh Amri alikuwa mshairi. Akalirudia neno lile, "Mshairi?", kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyolingana na noti aliyotoa, na kabla sijaongeza neno mwamuzi akapuliza kipenga, na sote wawili tukausahau ushairi kwa saa mbili na zaidi. Haya ninayoyaandika leo ni ile sehemu ya jibu ambayo sikupata wasaa wa kumpa pale pale, na kwa kuwa mimi ni shabiki wa mpira kabla sijawa kitu kingine chochote, msomaji anistahamilie nikiyachanganya mambo ya kandanda, ya siasa na ya vitabu, maana katika maisha yangu hayakupata kukaa mbalimbali.

Sheikh Amri, kwa jina kamili Kaluta Amri Abedi, alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, mji ule wa kale wa kando ya Ziwa Tanganyika ambao misafara ya biashara iliufanya uwe nusu pwani ingawa bahari iko mbali nao. Alikuwa mwanachuoni wa dini, mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, na mwaka 1954, alipokuwa na umri wa miaka takriban 30 tu, kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho hata leo mtu anayetaka kujua kina ni kitu gani na mizani huhesabiwaje huelekezwa kwacho. Mwaka ule ule, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na haikupita miaka mingi Sheikh Amri akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa mji ule, kisha akawa Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka kama 40. Mara nyingi nimekaa nikalitafakari jambo hili, kwamba mtu aliyeanza kwa kuwawekea washairi sheria zao ndiye baadaye aliyekabidhiwa sheria za nchi nzima, na kila nilitafakaripo huona kuwa waliomchagua hawakuona ajabu yoyote, kwa sababu katika zama zile mtu aliyeweza kuitiisha lugha mpaka ikakaa ndani ya mizani 16 alihesabiwa kuwa mtu anayeweza kuaminiwa na mambo mengine pia.

Nakala yangu ya kitabu hicho niliinunua Ngamiani, kwa muuza vitabu chakavu aliyekuwa akitandaza gunia lake karibu na soko, wakati ule nilipokuwa karani kijana bandarini. Jalada lilikuwa limekwisha kutoka, na mwenye nacho wa kwanza alikuwa amekivika karatasi ya kalenda na kuibandika kwa uji wa muhogo, mpaka ukigusa mgongo wake unahisi mabonge. Ndani, juu ya silabi za beti nyingi, mtu yule alikuwa amechora vijiti vidogo vya penseli, kimoja kwa kila mizani, na kwenye mshororo mmoja alihesabu akapata 17, akafuta, akahesabu tena chini yake, kisha akaandika pambizoni, "16, sawa." Sijui kitu chochote katika nyumba yangu ninachokipenda kuliko maandishi yale mawili ya penseli. Huyo alikuwa msomaji aliyedhani mshairi amekosea, akarudi, akapima, akakiri. Laiti tungekuwa na mashabiki wengi wa mpira wa namna hiyo, ambao wakidhani mwamuzi amekosea hurudi wakapima kwanza.

Kwa hakika mpira na shairi la kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Mshororo wa tarbia, lile shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, una mizani nane katika ukwapi, nusu yake ya kwanza, na mizani nane katika utao, nusu ya pili, na katikati kina kikiugawa. Nao mchezo una dakika 45 upande huu na 45 upande ule, na katikati pumziko. Mshairi hawezi kujiongezea mizani kwa kuwa tu maneno mazuri yamemzidi, na mshambuliaji hawezi kusogeza chaki ya uwanja kwa kuwa tu mpira wake ulikuwa mzuri ulipotoka nje. Ustadi wote, uwe wa kalamu au wa mguu, huonekana pale ambapo mtu amebanwa, amebakiwa na silabi mbili au hatua mbili, na bado akapata pa kupita. Mimi siamini kuwa uzuri wa mchezo unatokana na uhuru peke yake. Winga mwenye nyasi za kukimbilia bila mwisho angekuwa mkimbiaji tu. Mstari wa pembeni ndio unaomfanya awe winga.

Siku ile ya Arusha jambo hili lilionekana wazi kama mchana. Yanga ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi msimu huo bila kupoteza mchezo hata mmoja, na watu wa magazeti walikwisha kutuhesabu sisi wa Tanga kuwa ni kitoweo. Kumbe yupo Abdul Suleiman, ambaye wote twamwita Sopu, na katika fainali ile aliifungia Coastal Union mabao matatu, yeye peke yake, dhidi ya timu iliyokuwa imemaliza ligi nzima haijafungika. Wengine watasema alikuwa na bahati. Mimi niliyekuwapo nasema niliona mtu anayejua kusubiri, na kusubiri ndiko kugumu kuliko kupiga. Lilipoingia lile la tatu, mzee wa Pangani aliyekuwa ngazi moja mbele yangu, ambaye mchezo wote hakupata kupiga kelele, alivua kofia yake ya kiua, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akabaki hivyo kichwa wazi katika baridi ya Julai mpaka mpira ulipoanzishwa tena. Dakika 120 zikamalizika mabao 3 kwa 3. Tukaingia mikwaju ya penalti, na Yanga wakashinda kwa 4 kwa 1. Mfungaji wa mabao matatu katika fainali akarudi Tanga mikono mitupu.

Hapa niseme kitu ambacho najua kitawaudhi baadhi ya sahibu zangu. Makocha wengi wa sasa wanawaogofya vijana wasipige chenga. Mtoto anapokea mpira pembeni, mbele yake pana beki mmoja tu, mwenye miguu mizito, na nafasi ya kumpita ipo. Lakini amekwisha kuambiwa aurudishe nyuma, naye aliyerudishiwa anaurudisha kwa golikipa, na jukwaa zima linakaa kimya kana kwamba tuko msibani. Nimesikia hoja zao, kuwa mchezo wa leo ni wa kumiliki, na sizidharau. Lakini zanikumbusha ule ugomvi mrefu wa washairi wetu, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ambapo upande mmoja ulisema hayo si mashairi asilani na upande wa pili ukasema vina ni pingu. Mimi kwa moyo niko na Sheikh Amri, lakini Kezilahabi nimemsoma mara nyingi, kwa sababu niligundua kuwa mtu yule hakuvunja mizani kwa kutoijua. Aliijua, akaiacha, na ukimsoma kwa sauti utasikia pumzi yake ina mapigo yake. Ndivyo ilivyo chenga. Kijana anayepiga chenga kwa kutojua kutoa pasi ni wa kufundishwa. Anayejua kutoa pasi na bado akaona kuwa sasa ni wakati wa chenga, huyo aachwe. Kocha anayewafundisha wote kwa fimbo moja hajui tofauti ya wajinga wake na mafundi wake.

Turudi kwenye swali la kijana, maana limenifungulia mlango ambao nilikuwa nikiupita kila siku bila kuusukuma. Mtu akiifuata ligi yetu kutoka mji hadi mji, bila kujua, anasoma historia ya nchi. Songea atacheza katika uwanja wa Majimaji, wenye jina la vita vya 1905 hadi 1907. Mbeya atacheza katika uwanja wa Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Shinyanga ataukuta uwanja wa Kambarage, na kila mtu ajua Kambarage ni nani. Dar es Salaam atakanyaga uwanja wa Uhuru, ambapo usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera moja ilishuka na nyingine ikapanda, na jirani yake ataukuta uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007. Vita, mawaziri, marais, na katikati ya wote hao, Arusha, yupo mtunzi wa mashairi. Naam, alikuwa waziri pia, na huenda uwaziri ndio uliompatia uwanja. Lakini uwaziri wake umepita na kitabu chake bado chanunuliwa juu ya magunia.

Na hapo siasa yaingia bila kualikwa. Viwanja vingi vya namna hii, Sheikh Amri Abeid, Mkwakwani wetu wa Tanga, Sokoine, Kirumba wa Mwanza, ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Zama za chama kimoja hakuna aliyeona haja ya kuuliza, kwa sababu chama na umma vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, na mchango wa mwananchi ulikwenda palepale ulipokwenda mchango wa mwanachama. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, umma ukagawanyika katika itikadi zake, lakini viwanja havikugawanyika; vilibaki mikononi vilimokuwa. Mimi si mpinzani wa mtu, wala sisemi haya kwa inda. Nasema kama mtu ambaye tangu utoto amelipa kiingilio Mkwakwani, akaketi baina ya mtu wa chama hiki na mtu wa chama kile, wote wakiimba wimbo mmoja, na ambaye anaamini kwa dhati kuwa nyumba ya wimbo ule ingepasa kuwa ya wote wanaouimba. Viwanja hivyo vikabidhiwe halmashauri za miji, majina yabaki, na nyasi zipate mtu wa kuulizwa zikikauka. Halitakuwa jambo la kumshinda mtu, litakuwa insafu.

Wanasiasa wenyewe wanaupenda mpira, nami sioni vibaya waupende. Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, nilikuwa na umri wa miaka 28, na nakumbuka jinsi mji wote, hata wale wa African Sports waliotuchukia kwa moyo mkunjufu, ulivyolala umechelewa. Wakubwa walikuja kupiga picha, na ilikuwa haki yao, kwani furaha haina kiingilio. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi shilingi milioni tano kwa kila bao ambalo Simba na Yanga wangefunga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita goli la mama, nilifurahi kwa ajili ya wachezaji, maana najua wangapi kati ya wakongwe wetu wamezeeka bila hata paa zima juu ya vichwa vyao. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa na USM Alger nyumbani 2 kwa 1, wakashinda kule Algiers 1 kwa 0, na kombe likaenda kwa kanuni ya bao la ugenini. Nami shabiki wa Coastal niliumia kama niliyefiwa. Ila nilitamani, na natamani bado, kuwa bao la mtoto wa shule ya msingi ya Pangani anayecheza peku juu ya mchanga wenye vigae nalo lingekuwa na mama yake. Bao lile la mwisho huanzia pale.

Kuna kitabu kimoja ambacho kila mwenyekiti wa klabu angepasa kukisoma kabla ya kugombea, nacho ni tafsiri ya Mwalimu ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Watu wengi hukisoma kwa ajili ya wafalme na majambia. Mimi hukisoma kwa ajili ya umati. Brutus anawahutubia raia wa Roma kwa hoja nzuri, wanamkubali, wanataka hata kumjengea sanamu. Antoni anapanda baada yake, na kabla hajashuka watu wale wale wanatafuta moto wa kuzichomea nyumba za wauaji. Nimeuona umati huo huo kwa macho yangu mara nyingi. Kocha aliyebebwa mabegani mwezi wa Machi ndiye aliyetolewa kwa mlango wa nyuma mwezi wa Mei, na aliyembeba na aliyemzomea ni mtu mmoja, mwenye shingo ile ile na sauti ile ile. Mwalimu, aliyekuwa akizungumza na maelfu viwanjani, alikichagua kitabu hicho katikati ya kazi za dola changa akakileta katika Kiswahili, nami siwezi kuamini kuwa alikichagua ovyo.

Lakini kadhia inayonikera zaidi si ya makocha wala ya vyama. Ni hii: kwetu pwani hakuna vita tulivyopigana tusivitungie utenzi. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitamalaki Mrima, Hemed bin Abdallah, mtu wa kwetu Tanga, akaviandika vita vile ubeti kwa ubeti. Maji Maji ilipopigwa, Abdul Karim bin Jamaliddini akaitungia utenzi wake. Vita vikuu vya pili vilipokuja, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akavipa Utenzi wa Vita vya Uhuru. Shafi Adam Shafi naye mwaka 1979 alitupa Kuli, na mimi niliyefanya kazi bandarini nilipokisoma nilisikia harufu ya magunia na jasho la wapagazi ikitoka katika kurasa zake. Basi ikiwa kuli wa bandarini amepata kitabu chake, na askari amepata utenzi wake, kwa nini rafu yangu haina kitabu cha mwaka 1988? Yako wapi maandishi ya wale waliocheza Jumapili, na Jumatatu wakaenda kukata mkonge? Tunayo midomo, tena midomo fasaha; keti katika baraza yoyote ya Tanga baada ya swala ya alasiri utasikia mechi ya miaka 40 iliyopita ikisimuliwa na kona zake na majina ya washika vibendera. Kisha mzee mmoja anazikwa, na kona zake zinazikwa naye. Vijana wanabaki na mikeka ya kubashiri, ambamo mchezo mzima umekuwa tarakimu mbili na alama ya nukta, na sipendi kuwalaumu, kwa kuwa sisi hatukuwaachia kitu kingine cha kusoma.

Arusha sasa inajengewa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zitaliandaa kwa pamoja. Ni fahari kubwa, nami nikijaaliwa uhai nitakwenda. Lakini najua pia kuwa mechi kubwa zitahamia huko, na Sheikh Amri atabakiwa na gwaride na ligi ya mkoa. Laiti angalau pale langoni kwake pangeandikwa, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani, kuwa huyu alikuwa mshairi.

Usiku ule tuliondoka Arusha bila kuimba. Tulipoipita Moshi dereva alizima taa za ndani, na nilidhani kijana wangu amelala tena, kumbe alikuwa macho. Akaniuliza, "Mzee, yule mshairi aliandika nini?" Nilikuwa na kitabu mkobani, kama ninavyokuwa nacho katika kila safari ndefu. Nikampa, akakifungua kwa mwanga wa simu, akaona vile vijiti vya penseli, akauliza ni vya nini, nami nikamwonyesha namna ya kuhesabu, kidole kimoja kwa kila silabi, nane huku na nane huku. Alijaribu mshororo mmoja, akajaribu wa pili, kisha akafunga kitabu, akageukia dirisha, na kwa kitambo kirefu niliona vidole vyake tu vikigonga goti. Karibu na Same akanisomea wake mwenyewe: "Sopu mabao matatu, tumerudi bila kombe." Nikauhesabu kimyakimya. Ukwapi nane, utao nane.

"Huo ni mzima," nikamwambia. "Sasa unadaiwa mitatu, na vina vyako ni tu na mbe."

Alihangaika na wa pili kutoka Same mpaka tulipoanza kuiona milima ya Usambara kwa weusi wake dhidi ya alfajiri. Nilimpa neno pembe, akalipenda kwa sababu ni kona, akaliweka akiba mwisho wa mshororo. Mwanzoni alitaka kuweka penalti. Mombo akanigusa bega. "Mzee wangu, penalti ni mizani tatu au nne?"

Nikamwomba animulikie kwa simu, nikafungua kitabu.